Somo: Kuhakiki mchezo wa mezani kabla hujamshauri mtu aununue

Leo tunahakiki mchezo mmoja mwanzo hadi mwisho, nao ni Pandemic, uliobuniwa na Matt Leacock na kutolewa mwaka 2008. Ni wa watu 2 hadi 4, na hakuna mshindi mmoja: meza nzima inapambana na magonjwa manne, mkishinda mmeshinda wote. Nimeuchagua kwa sababu ndio ulioniaibisha. Niliucheza mara moja na wazoefu wawili, nikamsifia jirani yangu, naye akaagiza. Baada ya wiki mbili aliniletea sanduku mlangoni. "Chukua. Umenipa kikao cha ofisi." Mchezo haukuwa mbaya. Mimi ndiye niliyemweleza meza yangu, wakati yeye alikuwa na ya kwake.

Hatua ya 1. Cheza mara tatu, na watu tofauti. Washa saa ya simu, uandike dakika za kupanga vifaa, za kufundisha na za kucheza, kila moja peke yake. Usinakili muda ulioandikwa kwenye sanduku. Andika pia ugumu uliouchagua: Pandemic huchezwa kwa kadi 4, 5 au 6 za mlipuko, zikizidi ugumu unazidi, na aliyecheza na 4 hana haki ya kusema mchezo ni rahisi.

Hatua ya 2. Eleza zamu moja. Hadithi ya kwenye sanduku msomaji atajisomea. Zamu ni hivi: unafanya vitendo 4 (kusafiri, kutibu, kujenga kituo na kadhalika), unavuta kadi 2, kisha maambukizi, yaani vichemraba vya rangi, yanaongezeka kwenye ubao. Dawa ya ugonjwa mmoja inataka kadi 5 za rangi yake, nawe uwe kwenye kituo cha utafiti. Ubao una miji 48. Kinshasa na Khartoum imo, Nairobi na Dar es Salaam haimo, na watoto watakuuliza kwa nini, kwa hiyo jiandae.

Hatua ya 3. Tazama watu, usitazame ubao. Hapa ndipo uhakiki wenyewe ulipo. Mara ya pili nilicheza na shangazi na binamu zangu wawili. Binamu mkubwa alikuwa ameshaujua, na kufika zamu ya tatu alikuwa anasogeza vipande vya kila mtu: "Wewe nenda Cairo, tibu mara mbili, basi." Shangazi akaweka kadi zake kifudifudi, akaenda kutazama wali. Aliporudi zamu yake ilikuwa imeshachezwa, wala hakuuliza. Huo ndio ugonjwa wa tano wa Pandemic, na haumo kwenye kitabu cha kanuni. Mara ya tatu tulikubaliana kwamba kila mtu ashike kadi zake mkononi, na ushauri utolewe kwa anayeuomba tu. Shangazi hakuinuka. Tulishindwa vibaya, vichemraba vya njano vilituishia, naye ndiye aliyesema tupange tena. Niliandika yote mawili, kuondoka kwake na kubaki kwake.

Hatua ya 4. Pima lugha. Kwenye Pandemic, kadi za majukumu na za matukio zina maelezo ya Kiingereza. Mezani lazima awepo wa kuyatafsiri. Carcassonne, mchezo mwingine wa mezani, ni kinyume chake: vigae 72 vya picha, maneno hakuna, ukishafundisha kanuni kwa Kiswahili kazi imekwisha.

Hatua ya 5. Andika nani asiununue. Sentensi yangu leo ni hii: kama nyumbani kwenu yupo mtu asiyeweza kunyamaza anapoona jibu, acheni, au muwe na sharti la kadi mkononi.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Nitoe alama, kama wanavyofanya kwenye BoardGameGeek, ile tovuti ya michezo ya mezani, 1 hadi 10?

Marahaba. Toa, lakini iwe mwisho. Pale kuna kipimo kingine kinachonifaa zaidi, cha uzito wa mchezo, 1 hadi 5. Huo ndio humwokoa mgeni asinunue mzigo.

Mimi nacheza Dungeons & Dragons. Nayo nihakiki kwa hatua hizi?

Hatua ya 3 ibebe karibu kila kitu. Pale mnaigiza wahusika, na msimulizi ndiye nusu ya mchezo, kwa hiyo sema kama alikuwa mzoefu. Usihakiki kitabu ulichokisoma tu bila kukaa mezani. Na anayetaka kuonja asianze kwa kununua: kanuni za msingi, SRD 5.1, zilitolewa Januari 2023 kwa leseni ya Creative Commons, yaani unazitumia bure.

Kaka, bao letu la Kiswahili je? Au hilo halihakikiwi?

Linahakikiwa vizuri sana. Ukiandika "ni mchezo wa mababu" hujasema kitu. Sema kwamba kila mmoja ana kete 32, na 22 kati yake anaanza nazo mkononi. Sema kunamua, ile awamu ya kwanza ya kuingiza kete za mkononi, kunafundishika kwa jioni moja, ila mtaji, awamu ya pili kete za mkononi zikiisha, utamchanganya mgeni kwa wiki kadhaa. Sema pia watazamaji wa barazani hawanyamazi. Binamu yangu angefurahi huko.

Nimepata Pandemic ya mtumba, muuzaji anasema imekamilika. Nimwamini?

Hesabu mbele yake. Vichemraba 96, yaani 24 kwa kila rangi: bluu, njano, nyeusi na nyekundu. Kadi 48 za miji za kuchezea, na kadi 48 za maambukizi. Kichemraba kimoja kikipotea utaweka punje ya maharage. Kadi ya mji ikipotea, mwambie apunguze bei au aitafute.