Kufunga neti na kuziba njia za mbu nyumbani

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii huku Ahero, Kisumu, ambako mashamba ya mpunga yametuzunguka na mbu hawaishi. Nikiingia nyumbani kwa mtu, kwanza huuliza neti iko wapi. Mara nyingi naonyeshwa ikiwa bado ndani ya mfuko, imewekewa wageni. Hilo huniuma sana, kwa sababu mtoto wa humo ndani analala bila.

Hatua ya 1. Itoe leo, uianike kivulini kwa saa 24. Dawa imo ndani ya nyuzi, na jua huiharibu.

Hatua ya 2. Ifunge pale watoto wanapolala, hata kama ni kwenye mkeka sebuleni. Piga misumari minne kwenye mbao za paa, kisha funga kamba zenye vitanzi ili asubuhi uikunje juu na kiti kirudi mahali pake. Usiku, pindo lote liingie chini ya godoro au mkeka. Halafu lala humo mwenyewe unyooshe mikono: ukigusa neti, mbu anaweza kukuuma kupitia matundu yake, kwa hiyo ilegeze au isogeze. Ikichanika, shona. Ifue kwa sabuni ya kipande, usitumie dawa ya kung'arisha nguo, na uianike tena kivulini.

Hatua ya 3. Tazama juu, pale ukuta unapokutana na mabati. Mbu wa malaria hupenda kupitia mwanya huo. Ugongomelee wavu wa waya. Usiuzibe kwa udongo kama unapikia ndani, moshi utawaumiza.

Hatua ya 4. Kila wiki mwaga maji ya matairi na makopo, sugua mitungi na uifunike. Hiyo hupunguza mbu wa mchana, wale wa dengi. Wa malaria huzaliana kwenye vidimbwi vyenye jua: alama za kwato, mashimo ya matofali. Fukia vilivyo karibu na boma. Mpunga hatuwezi kuukausha, ndiyo maana nasisitiza neti.

Hatua ya 5. Mtoto akichemka mwili, apimwe siku hiyo hiyo, usimpe vidonge vilivyobaki vya ndugu yake. Akikutwa na malaria na kupewa dawa ya malaria iitwayo AL, anywe dozi zote 6 kwa siku 3, hata kama siku ya pili tayari anacheza uani.