Usianze NCLEX na sura ya kwanza ya kitabu

Mwenzangu, kama umeshalipia NCLEX, ule mtihani wa leseni ya unesi wa Marekani, na umekaa na kile kitabu kinene unaanza ukurasa wa kwanza na kalamu ya rangi, simama hapo kwanza. Mi nilifanya hivyo, nikafika moyo na mishipa nishachoka, na bado natoka shifti ya usiku, sa ya mafigo ningeyasoma lini?

Anza na mpango wa mtihani. NCSBN wenyewe wanaotunga wameuweka bure kwa tovuti yao, na unaonyesha kila eneo lina uzito gani. Usimamizi wa huduma, ile wanaita Management of Care, ni asilimia 15 hadi 21. Dawa 13 hadi 19. Usalama na kuzuia maambukizi 10 hadi 16, alafu mambo ya akili na hisia ni 6 hadi 12 tu. Sisi tuliosomea huku tunakimbilia magonjwa, kumbe kipande kikubwa kuliko vyote kinauliza nani aonwe kwanza na kazi gani apewe nani.

Hapo ndo nilikuwa naanguka. Unapewa wagonjwa wanne na msaidizi asiye na leseni, umtume wapi? Wodi niliyotoka mi nesi unafanya kila kitu, na anayemwogesha mgonjwa ni shangazi yake aliyekuja na beseni kutoka nyumbani, kwa hiyo nilijibu kwa mazoea nikakosa, nikakosa tena. Kwa mtihani wao msaidizi anapima presha ya mgonjwa aliyetulia, anaogesha, analisha yule asiye na shida ya kumeza. Kutathmini na kumfundisha mgonjwa hilo ni la RN, yaani nesi aliyesajiliwa, usimwachie mtu. Mada hii ipe wiki nzima, hata mbili.

Kabla hujafungua kitabu fanya maswali kama 75 ukiwa hujajiandaa, uone aibu yako mapema. Kila ulilokosa andika kwa daftari mada yake na sababu: sikujua, nilisoma swali vibaya, au nilibaki na majibu mawili nikachagua lisilo. Ya "sikujua" peke yake ndo inakurudisha kwa kitabu, hizo zingine dawa yake ni maswali zaidi. Mfano wangu, potasiamu naijua, kawaida kwa damu ni 3.5 hadi 5.0, lakini mgonjwa alikuwa na 3.1 na anatumia digoksini na furosemaidi, hapo moyo uko hatarini, mi nikaenda kumwona kwanza wa mshono anayelia maumivu. Kusoma potasiamu upya kungenisaidia nini hapo?

Dawa usikariri moja moja, utazeeka. Shika familia kwa miisho ya majina, -pril, -olol, -statin, alafu zile za kuua mtu zijue vizuri: insulini, heparini, warfarini na INR yake (kipimo cha damu kuganda) ya 2 hadi 3, lithiamu kwa damu 0.6 hadi 1.2. Na sukari yao ni kwa mg/dL, kwa hiyo ile 4 yetu ya mmol/L zidisha mara 18, unapata 72.

Tangu Aprili 2023 kuna visa vya mgonjwa, vitatu, kila kimoja maswali 6, utavikuta hata kompyuta ikikukatia kwa swali la 85 badala ya 150. Ukishabonyeza kwenda mbele hurudi nyuma, kwa hiyo fanya mazoezi ya visa kila siku.

Cha kuacha? Malaria, bana, umeitibu miaka yote, hapo haina kazi sana. TB usiiache, ila soma upande wa chumba cha peke yake na maski ya N95 kuliko dozi.

Na we unayerudia, ile ripoti waliyokutumia usiitupe kwa hasira. Inaonyesha maeneo uliyokuwa chini, karibu au juu ya kiwango. Chukua yale ya chini, uyapange kwa asilimia za ule mpango, lenye uzito linatangulia, na una siku 45 za kungoja kabla ya kurudia hata hivyo.