Nambari gani inafuata? Angalia kwanza, hesabu baadaye

Mtu akirushiwa 2, 5, 8, 11 kwenye simu hahitaji mwongozo. Zinaongezeka tatu tatu, jibu ni 14. Haya ninayoandika hapa ni ya mafumbo yale mengine, ambayo watu hukaa nayo barazani tangu alasiri mpaka magharibi, mwalimu wa hesabu yupo, na bado hayafunguki. Sababu yake karibu kila mara ni moja: fumbo limechorwa, na watu wanalihesabu. Nambari iliyochorwa ina umbo, ina tundu, ina juu na chini, ina jirani. Chochote katika hivyo kinaweza kuwa ndiyo siri, na kiasi cha nambari kikawa hakina kazi yoyote.

Chukua penseli (si kalamu, maana utafuta sana), daftari la vijumba, rula, sahani ya kuchorea duara na kibiriti kizima cha njiti. Kikokotoo kiweke mbali. Kinakuharakisha katika kazi ambayo hujajua kama ndiyo yenyewe.

Hatua ya 1: Pata picha yenyewe

Usikubali fumbo lililoandikwa upya na mtu. Anayeandika upya huwa "anatengeneza": anaondoa sifuri ya mbele, ananyoosha nambari iliyolala, anabadilisha 4 iliyo wazi juu kuwa 4 iliyofungwa. Omba picha ya mwanzo, ikuze, na uangalie pembe zote nne. Kivuli, mshale, kitu kilichoziba sehemu ya nambari, mwelekeo wa maandishi mengine, vyote viandike pembeni. Kama fumbo limechorwa chini kwa chaki, lizunguke kwa miguu.

Hatua ya 2: Tofauti

Andika tofauti za jirani kwa jirani, na chini yake tofauti za hizo tofauti. Zikitulia, umemaliza. Zisipotulia kufikia safu ya tatu, acha.

Hatua ya 3: Tazama nambari kama michoro

*Pindua karatasi.* Visanduku sita vimechorwa mfano wa maegesho ya vespa: 111, 011, 601, 801, kisha kimoja kina vespa juu yake, kisha 901. Dalili ziko mbili. 011 imeanza na sifuri, na anayehesabu tu haandiki hivyo. Tena katika nambari zote hamna 2, 3, 4, 5 wala 7. Zimebaki 0, 1, 6, 8 na 9, ndizo zinazosomeka hata zikiwa kichwa chini. Pindua karatasi, na kuanzia kushoto utaona 106, vespa, 108, 109, 110, 111. Jibu ni 107. Mtungaji amekiziba kisanduku hicho hicho kwa makusudi, kwa sababu 7 ikipinduliwa inakaa kama L na ingetoa siri. Wengi hukosea kwa kugeuza tarakimu moja moja bila kupindua mpangilio wake, 601 ikawa 901 na 901 ikawa 601. Basi pindua karatasi kwa mkono, usiipindue kichwani.

*Hesabu matundu.* Ukiona alama ya usawa mahali ambapo hapana usawa wowote, shuku matundu:

1753 = 0
9081 = 4
8835 = 4
6204 = 3
4840 = ?

Tarakimu 0, 6 na 9 zina tundu moja moja, 8 ina mawili, na 1, 2, 3, 5, 7 hazina. Kazi iko kwenye 4. Ikichapwa kwa herufi za kawaida inakuwa imefungwa, kwa hiyo ina tundu; ikiandikwa kwa mkono, wengi wetu tunaiacha wazi juu, na haina. Usikate shauri kwa mazoea yako. Tafuta mstari ndani ya fumbo wenye 4 na jibu lake. Hapa ni 6204: 6 moja, 0 moja, jumla 2, lakini fumbo linasema 3. Basi 4 imefungwa, na 4840 ni 1 + 2 + 1 + 1 = 5. Mstari ule ungesema 2, jibu lingekuwa 3. Fumbo likiwa la mkono, tazama pia 2 yenye kitanzi mkiani, maana hiyo ina tundu kweli. 7 yenye mkato katikati haina. Mkato haufungi kitu.

*Njiti.* Tarakimu za pembe pembe, kama za mizani ya duka au mita ya umeme, hujengwa kwa vijiti saba. Zijenge kwa njiti za kibiriti mara moja na hutazisahau: 0 njiti 6, 1 njiti 2, 2 na 3 njiti 5, 4 njiti 4, 5 njiti 5, 6 njiti 6, 7 njiti 3, 8 njiti 7, 9 njiti 6. Fumbo la 1, 7, 4, 5, 9, ? linakwenda njiti 2, 3, 4, 5, 6, kwa hiyo linaishia 8. Angalia tu 7 imechorwaje. Baadhi ya vikokotoo huiwekea kijiti cha nne upande wa kushoto, na vingine hukata paa la 6 au sakafu ya 9, zikabaki na vijiti 5. Hesabu kilichochorwa, si kilicho kwenye kumbukumbu.

*Nambari za chuoni (yaani za Kiarabu, za chuo cha Kurani).* Hii sisi wa visiwani hatuna sababu ya kuikosa, na bado tunaikosa, kwa kuwa macho yakishazoea nambari za skuli hayarudi nyuma. Fumbo limeandikwa hivi: 10, 17, 1V, 1Λ, ? Mtu anaona kumi, kumi na saba, kisha herufi mbili za ajabu, anaanza kufikiria nambari za Kirumi. Mpe mtoto anayesoma chuoni atakwambia: ١٥, ١٦, ١٧, ١٨. Ile "0" ni tano, ile "7" ni sita, V ni saba na Λ ni nane. Inayofuata ni ١٩, kumi na tisa, ambayo kwa bahati inasomeka sawa kwa macho yote mawili. Kumbuka kwamba maneno ya Kiarabu yanakwenda kulia kwenda kushoto, lakini ndani ya nambari makumi yanabaki kushoto kwa mamoja, kwa hiyo usizigeuze. Sifuri yake ni nukta, ٠. Ikiwa picha ina nukta inayoonekana kama uchafu wa karatasi, usiifute kabla hujajua.

*Saa.* Nyuso nne za saa, mkono mfupi uko kwenye 7, 8, 10, kisha 1. Soma kwa Kiswahili: saa moja, saa mbili, saa nne, saa saba. Inaongezeka 1, 2, 3, basi sasa 4: saa kumi na moja, mkono uko kwenye 5.

*Dhumna.* Soma nusu ya juu peke yake na ya chini peke yake, na ujue kwamba baada ya sita inakuja tupu. 1/6, 3/5, 5/4, 0/3: juu inapanda mbili mbili (5, 6, tupu), chini inashuka moja moja. Inayofuata ni 2/2.

*Soma kwa sauti.* 1, 11, 21, 1211, 111221: kila mstari unaeleza uliotangulia. "Moja iko moja", "moja ziko mbili", na kuendelea. Inayofuata ni 312211. Hesabu pia herufi za majina ya nambari: 4, 5, 4, 3, 4, 4, 4, 4, 4, 4 ni moja, mbili, tatu, nne mpaka kumi, na inayofuata ni 10, yaani "kumi na moja". Fumbo la aina hii likitoka kwa Kiingereza likatafsiriwa, limekufa. Nambari zake ni 3, 3, 5, 4, 4 na hazipatani na maneno yetu. Ukiona mfuatano huo usipoteze muda kuutafutia umbo.

Hatua ya 4: Duara lenye nukta

Hili ndilo linalokula saa nyingi kuliko mengine yote, nami nataka ulijue vizuri.

Maduara yamepangwa. La kwanza lina nukta moja ukingoni, la pili mbili, la tatu tatu, mpaka la tano. Kila nukta imeunganishwa na kila nyingine kwa mstari ulionyooka. Chini yake pameandikwa 1, 2, 4, 8, 16, na la sita linaulizwa. Kila mtu anasema 32, kwa kuwa zinajirudia mara mbili. Si 32. Ni 31 au 30, na picha ndiyo inayoamua.

Nambari hizo ni idadi ya vipande ambavyo mistari imelikata duara. Njia ya kuvihesabu bila kupotea: anza na 1, ambalo ni duara zima; ongeza 1 kwa kila mstari; ongeza 1 kwa kila mahali mistari miwili inapokatana ndani. Nukta nne zina mistari 6 na mkatano 1, jumla 8. Nukta tano zina mistari 10 na mikatano 5, jumla 16. Nukta sita zina mistari 15 na mikatano 15, jumla 31.

Sasa tatizo. Nukta sita zikiwa zimepangwa kwa nafasi sawa, kama mtu alivyozipima kwa bikari, ile mistari mitatu mirefu inayovuka duara yote inapita katikati kabisa, mahali pamoja. Kipande kidogo cha pembetatu ambacho kingekuwa pale katikati hakipo. Vipande vinakuwa 30. Kwa hesabu ya mikatano: pale mistari mitatu inapokutana ongeza 2, si 3, na nyingine 12 ziko kama kawaida; 1 + 15 + 14 = 30. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kuchora wote kwa uaminifu, mmoja akapata 31 na mwenzake 30, wakabishana usiku kucha, na hakuna aliyekosea kuhesabu.

Kujua picha yako ni ya aina gani, tazama katikati tu. Kuna pembetatu ndogo au hamna? Kama wino umeziba, weka rula juu ya mistari miwili mirefu, tia alama inapokatana, kisha uweke rula juu ya wa tatu uone kama unapita kwenye alama hiyo. Picha ya simu iliyopunguzwa huficha pembetatu hiyo kabisa, na hapa ndipo Hatua ya 1 inapokulipa.

Ukichora mwenyewe, gilasi ni ndogo mno, tumia sahani. Penseli iwe imechongwa. Ukitaka 31, usiweke nukta kwa nafasi sawa, sogeza moja sentimita mbili hivi kutoka mahali pake, na pembetatu itafunguka. Ukihesabu kwa macho, tia alama ndani ya kila kipande unapokihesabu, ukianza na vile sita vya ukingoni baina ya mstari na duara, ambavyo ndivyo vinavyosahaulika zaidi.

Usijaribu kuhakikisha kwa kuchora nukta saba. Saba zinatoa 57 kwa nafasi sawa na kwa nafasi zisizo sawa pia, kwa hiyo hazikwambii kitu. Nane ndizo zinazotenganisha: 99 kwa nukta zilizotawanywa, 88 kwa zilizopimwa sawa. Mifuatano yote miwili imo katika OEIS, hazina ya mifuatano ya nambari aliyoianzisha Neil Sloane mwaka 1964, inayofunguka bure kwenye intaneti. Lakini ukiiandikia 1, 2, 4, 8, 16 peke yake itakumwagia rundo la majibu, mengi yakiwa ya mara mbili. Haioni picha yako. Ifungue mwisho, ukiwa tayari na kanuni ya kuihakiki.

Hatua ya 5: Hakiki

Ziba nambari ya mwisho unayopewa, ukaona kama kanuni yako inaizalisha. Kisha rudi kwenye ile orodha ya pembeni uliyoandika katika Hatua ya 1. Kila kitu kilichochorwa lazima kiwe na kazi katika maelezo yako. Vespa ina kazi, sifuri ya mbele ina kazi, nukta ina kazi. Kikibaki kimoja hakina kazi, jibu lako bado ni la kubahatisha, hata kama nambari zinakubali. Kwa nambari tano za mwanzo mtu anaweza kuunda fomyula ya kutoa nambari yoyote aitakayo ya sita, kwa hiyo nambari kukubali peke yake si ushahidi. Baina ya kanuni mbili zinazokubali, chukua ile inayoitumia picha.

Ukipeleka jibu barazani au kwenye kundi, lipeleke pamoja na sababu yake kwa mstari mmoja: "5, kwa matundu, na 4 imefungwa kwa ushahidi wa 6204." Anayebisha ataanza kwa kuangalia 6204.