Kulinganisha spika za bafle la gita kwa roki nzito na metali, ukiwa Goma

Mtu akichomeka gita kwenye bafle moja (sanduku la spika), kisha kwenye la pili, karibu kila mara atapenda lile linalopiga kwa nguvu zaidi. Sikio ndivyo lilivyo. Vintage 30, spika ya gita ya inchi 12 ya kiwanda cha Celestion, imepimwa desibeli 100 kwa wati 1, umbali wa mita 1. G12T-75 ya kiwanda hichohicho, ile iliyojaa kwenye mabafle ya Marshall 1960, ina 97. Tofauti ya desibeli 3 ni sawa na kuzidisha wati za ampli mara mbili. Ukiacha kitufe cha sauti palepale, hujalinganisha ladha ya spika, umelinganisha kelele.

Kabla ya hapo, hakikisha ulichonacho ni spika ya gita. Birere, mtaa wa biashara hapa Goma, utakuta spika nyeusi za inchi 12 zilizoandikwa "1000 W" kwa herufi kubwa. Hizo ni za sono, yaani mitambo ya sauti ya kumbi na sherehe. Spika ya gita huanza kuporomoka baada ya Hz 5,000 hivi, na huko kuporomoka ndiko kunakoifanya distosheni (ule mngurumo wa gita la roki) isikike nene. Bafle la sono lenye twita (spika ndogo ya sauti za juu) linaachia makali yote yapite, rifu (kipande kifupi cha gita kinachorudiwa) inageuka nyuki ndani ya kopo. Ukiitoa twita, unabaki na koni (sehemu inayotetema) nzito iliyotengenezwa kwa ajili ya besi, na gita linasikika kama limefunikwa blanketi. Angalia ukingo wa koni: kwenye spika nyingi za gita ni karatasi yenye mikunjo, si mpira wala sponji.

Kwa spika iliyotumika, kuna vipimo vitatu vya dakika tano. Ipime uzito, hata kwa mizani ya muuza maharage: Vintage 30 ya kweli ina kilo 4.7 hivi, na feki nyingi hujulikana kwa sumaku yao nyepesi. (Maandishi ya kwamba imetengenezwa Uchina si dalili ya feki, Vintage 30 nyingi za leo hutoka huko.) Weka multimeta kwenye miguu miwili ya spika: ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani) husoma takriban 6 hadi 7, ya omu 16 husoma 12 hadi 14. Isiposoma kitu, koili (waya uliozungushwa nyuma ya koni) imeungua au waya wake umekatika. Mwisho, sukuma koni polepole kwa vidole vya mikono miwili, sawasawa pande zote, sikio likiwa karibu. Inatakiwa iende na kurudi kimya.

Ikikwaruza, Goma tuna mshukiwa wetu. Vumbi jeusi la lava lina chembe za madini ya chuma. Pitisha sumaku juu ya mchanga wa barabarani uone inavyoota ndevu. Spika iliyolazwa chini bila kufunikwa inazivuta chembe hizo, na nafasi kati ya koili na chuma haifiki milimita 1. Chembe ikishaingia humo, fundi hawezi kuipuliza itoke. Kwa hiyo spika isiyo ndani ya bafle ihifadhiwe kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa. Na bafle likipanda chukudu (kile chombo cha mbao cha kusukuma mizigo) lisimame wima, kisha ukifika kaza visi (skrubu) zote nne za spika: mawe ya njiani huzilegeza, na visi iliyolegea inatoa mlio unaofanana kabisa na spika iliyochanika.

Sasa moto, yaani umeme. Kama multimeta inaonyesha volti 225 saa nne asubuhi na 185 saa moja jioni, ampli ya lampe (ya taa za vioo, si ya transista) si ileile tena: volti za ndani zimeshuka, distosheni inaanza mapema, besi inalegea. Ukijaribu spika moja asubuhi na nyingine jioni, tofauti uliyoisikia inaweza kuwa ya umeme mtupu. Fanya zote ndani ya saa moja, kwenye chanzo kilekile, na uandike volti pembeni ya kila jaribio.

Tumia bafle lilelile, au mawili yanayofanana kabisa. Tripleksi (mbao ya tabaka) ya mm 18, nyuma pamefungwa, ndiyo sahihi kwa metali. Mgongo ukiwa wazi besi inatawanyika na kile kishindo cha nyuzi zilizobanwa kinapotea. Tundu la Vintage 30 linakatwa mm 283. Liinue bafle hadi kwenye usawa wa masikio. Spika ya inchi 12 inarusha makali yake moja kwa moja mbele, kwa hiyo mtu aliyesimama na bafle likiwa miguuni anasikia sauti laini, anaongeza trebo (sauti za juu), kisha mikro (maikrofoni) iliyo mbele ya spika inapokea misumari. Usiliweke konani. Na kama nyumba ni ya mbao na mabati, cheza kwanza sauti ya Hz 80 kutoka kwenye simu kupitia ampli, zunguka chumba, uzuie kila kinachotetema. Spika nyingi nzima zimeuzwa kwa bei ya kutupa kwa kosa la bati.

Rekodi rifu ya sekunde 20 kwenye pedali ya kurudia, iliyowekwa kabla ya ampli, ili mkono wako usiwe sababu ya tofauti. Iwe na mambo matatu: uzi wa chini uliobanwa kwa kiganja, kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) iliyoachwa ilie, na noti chache za juu. Gaini, kitufe cha kiasi cha distosheni, ipunguze kuliko unavyopenda, maana distosheni nyingi inazifanya spika zote zifanane. Simu yenye programu ya kupima sauti iwe mita 1 mbele. Rekebisha masta (sauti kuu ya ampli) hadi tofauti isizidi desibeli 1. Kama unarekodi kwa mikro, usiguse ampli kabisa, sawazisha viwango baadaye kwenye kompyuta. Mikro ikae sentimita 3 kutoka kwenye kitambaa, ikielekea ukingo wa kofia ya katikati ya koni, na alama ya utepe ibaki hapo: kusogea sentimita 2 tu kunaweza kubadilisha sauti kuliko kubadilisha spika yenyewe.

Mwenzako ndiye abadilishe, wewe ukiwa umegeuka, unaandika "ya kwanza" na "ya pili" bila kujua ipi ni ipi. Ampli ya lampe izimwe kabla ya kuchomoa waya wa spika. Ikipiga bila mzigo, transfoma ya kutolea inaweza kuungua, na hiyo hapa mjini si rahisi kuipata.

Utakachosikia, kwa kawaida, ni hiki. Vintage 30 ina kilima cha sauti za kati za juu kuanzia karibu Hz 2,000; peke yake chumbani inaweza kukera, lakini ngoma zikianza inabaki juu yake. G12T-75 ni kinyume: besi pana, juu kuna mchirizo, katikati pamebonyea. Ukiwa peke yako utaiona kubwa sana, na bendi ikiingia inamezwa. Ndiyo maana raundi ya mwisho lazima ifanyike na mpiga ngoma na mpiga besi. Greenback, yaani Celestion G12M ya wati 25, inanguruma vizuri kwa roki nzito ya zamani, lakini ukishusha uzi wa mi (Hz 82) hadi do (Hz 65) inaanza kulegea. Kwa wanaoshusha hivyo, G12K-100 inashika besi kwa ukakamavu zaidi.

Si lazima uchague moja. Katika bafle la spika nne wengi huweka Vintage 30 mbili na G12T-75 mbili kwa mpangilio wa msalaba (kama herufi X), wakijua kwamba ile ya desibeli 100 ndiyo itakayosikika zaidi. Zote ziwe na omu sawa. Wati zihesabu kwa spika iliyo dhaifu: Greenback moja ya 25 na Vintage 30 moja ya 60 ni bafle la wati 50, si 85, kwa sababu zinagawana nguvu nusu kwa nusu.

Spika mbili za omu 16 zikiungwa sambamba zinatoa 8. Mbili za omu 8 sambamba zinatoa 4, na ampli ya transista iliyoandikwa omu 8 kima cha chini inaweza kufia hapo. Waya wa kutoka ampli hadi bafle uwe wa umeme wa mm² 1.5, usitumie kebo ya gita. Bafle jipya likitoa besi nyembamba ajabu, kabla ya kulaumu spika gusa jaki kwa pile (betri kavu) ya volti 1.5, chanya kwenye ncha: koni zote zinatakiwa zitoke mbele kwa pamoja. Inayorudi nyuma, geuza nyaya zake mbili.