SOMO: Kituo chenu cha afya kinahama kwenye makaratasi kwenda kwenye mfumo wa kompyuta? Anzieni hapa

Habari zenu wakuu. Wengi mmeniuliza hili kwa hiyo naandika mara moja tumalizane. Nilikuwepo wakati kituo cha afya kimoja kinahamia GoT-HOMIS, ule mfumo wa TAMISEMI wa kompyuta wa kuendeshea hospitali na vituo vya afya, na mimi nilikuwa upande wa kituo sio upande wa TEHAMA, so hapa siongelei nyaya wala seva sana, naongelea mambo yanayowakwamisha watu pale mapokezi saa 2 asubuhi benchi limejaa.

Hatua ya 1: mfuate mgonjwa mmoja kwa miguu. Kompyuta ziacheni kwenye maboksi kwanza. Chukua kalamu na karatasi, simama getini, mgonjwa anayefuata nenda naye mpaka atoke, andika kila anapokaa na dakika ngapi. Mimi nilimfuata mama mmoja wa makamo ana homa, kashika daftari lake la kurasa 40. Kipimo cha malaria cha haraka chenyewe ni dakika 15 mpaka 20 tu, ila yule mama alikaa pale asubuhi nzima kwa sababu alienda dirisha la malipo mara tatu, kumuona daktari, kipimo, dawa, na hilo dirisha lilikuwa nyuma kabisa huko kliniki ya mama na mtoto wakati maabara iko mbele. Mara ya tatu akaniuliza "kwani mwanangu nimekosea wapi mbona nazungushwa?" Sasa ukileta mfumo juu ya safari kama ile unapata foleni ile ile ila ina printa. Sisi tulihamisha dirisha likakaa pembeni ya maabara kabla hata kebo moja haijavutwa, na hicho ndo kitu kilichosaidia kuliko vyote, bure kabisa.

Hatua ya 2: stoo ya dawa. Hapa kaeni sana. Watu wanadhani tatizo litakuwa wazee wasiojua kutumia mausi, kumbe tatizo ni dawa. Kwetu amoxicillin iliingizwa kwa majina matatu, mmoja kaandika amoxyl, mwingine kaandika amoxycillin kwa "y", mwingine kaweka kifupi chake anachokijua mwenyewe. Tabibu akitafuta anaona sifuri, anamwandikia mgonjwa akanunue duka la nje, na makopo yamejaa stoo! Halafu kuna kizio. Kopo la vidonge 1000 ukiliingiza kama "1", siku mfamasia anataka kutoa vidonge 20 mfumo unamwambia dawa haitoshi, na kopo analo mkononi. Kwa hiyo tafuteni Jumamosi na Jumapili, hesabuni kila kitu, tumieni majina yale yale yaliyopo kwenye orodha ya MSD (Bohari ya Dawa), na hesabu iwe kwa kidonge, kwa chupa, kwa tyubu, kile anachopewa mgonjwa mkononi.

Hatua ya 3: umeme na mtandao. Andaeni fomu za karatasi za siku ya giza, zikae kwenye droo kila chumba, na mpange nani ataziingiza umeme ukirudi. Bila jina la mtu haziingizwi, nimeona.

Hatua ya 4: kila mtu paswedi yake. Kwetu wiki ya kwanza nilikuta kipande cha plasta, ile ya kufungia kidonda, kimebandikwa kwenye skrini kimeandikwa paswedi ya tabibu, na wote chumba kile wanaitumia. Ikitokea dawa imeandikwa vibaya utamuuliza nani sasa? Na mafunzo msifanyie ukumbini na soda, mtu afundishwe kwenye kiti chake na mgonjwa yupo mbele yake. Yule nesi wetu mkubwa aliyekuwa anasema atastaafu kabla ya kompyuta ndo baadaye akawa anawafundisha wageni.

Hatua ya 5: idara moja moja. Anzeni mapokezi na malipo, maana control namba, zile namba za kulipia serikalini, zikianza kutoka na mapato yakaonekana mganga mfawidhi mwenyewe, yaani mkuu wa kituo, atakuwa wa kwanza kuutetea mfumo. Halafu OPD (wagonjwa wa nje), maabara, dawa. Wodi mwisho. Na wekeni tarehe ya kuacha mafaili ya zamani, wiki mbili tatu inatosha, mkiacha wazi mtaandika mara mbili mpaka mchoke na kitakachoachwa ni kompyuta.

MASWALI YA WANACHAMA

Muuguzi, wodi ya wazazi: Partografu, ile chati ya kufuatilia uchungu, nayo tuhamishie kwenye kompyuta?
Hapana dada. Mama akiwa kwenye uchungu karatasi ikae pale pale kitandani unapoiona. Akishajifungua salama ndo uingize taarifa.

Tabibu, zahanati: Kwa hiyo vitabu vya MTUHA, vile rejista za serikali za kuandikia wagonjwa, tuvitupe?
Thubutu! Mpaka mpewe maelekezo na halmashauri endeleeni navyo. Ila vitumieni kupimia mfumo, mwisho wa mwezi chukueni kitabu cha 5 cha OPD mlinganishe na idadi ya kwenye mfumo kabla ripoti haijaenda DHIS2, ule mfumo wa taifa wa ripoti za afya. Kwetu mwezi wa kwanza namba zilipishana vibaya, tukaja kugundua matabibu walikuwa wanatoa dawa bila kujaza ugonjwa.

Mtu wa maabara: Mtandao ukisumbua natuma majibu kwa picha WhatsApp kwenye grupu la kituo, kuna shida?
Ipo, tena kubwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023 na habari za afya za mtu ni taarifa nyeti. Lile grupu lina watu waliohama kituo zamani, na simu zao watoto wanazishika, wanaziona hizo picha. Andika kwenye karatasi umpe tabibu mkononi, ni hatua 20 tu.

Katibu wa afya: Afisa TEHAMA tunaye mmoja halmashauri nzima, usiku ikigoma tunampigia nani?
Chagueni wawili wa kituoni wajue vitu vinne tu: kuwasha na kuzima seva kwa utaratibu, kuangalia ruta, kubadilisha wino wa printa, kurudisha paswedi ya mtu aliyesahau. Na usiku mtu muhimu kuliko wote ni mlinzi. Kwetu umeme ulikatika saa 3 usiku, jenereta ipo, mafuta yapo, funguo alikuwa nayo mhasibu na amelala kwake mjini. Siku hizi inaning'inia kwenye msumari kibandani kwa mlinzi, na yeye ndo anawasha.