SOMO: Breki, shafti na rimu kwenye Impreza ya zamani. Someni kabla hamjanunua

Wakuu, kila siku naulizwa lilelile: "Fundi, nimepata rimu za inchi 17, zitaingia?" Naandika hapa mara moja, atakayeuliza tena nitamleta huku. Somo ni la Subaru Impreza WRX ya zamani, ile yenye kodi ya bodi GC8, na Subaru Forester SF yenye tabo (turbo), maana miguu yao inakaribiana sana.

Kwetu Kigoma breki si urembo. Shuka kutoka Manyovu na abiria wanne, mizigo nyuma, uone pedi zinavyonuka kabla hujafika mjini. Kwa hiyo breki kwanza, rimu baadaye. Kalipa, kile kibano kinachobana pedi kwenye disiki, ndiyo inayoamua saizi ya rimu, na wengi mnanunua kinyume.

Hatua ya 1, kuchagua. Kalipa za pistoni nne za Subaru yenyewe hufungwa kwenye matundu yaleyale ya kiwandani. Zinataka disiki yenye kipenyo cha milimita 294, ile ndogo ya 277 haziendani nayo. Zinaingia kwenye baadhi ya rimu za inchi 16, si zote, kwa sababu kinachogusa mara nyingi ni mikono ya rimu. Kalipa za Brembo zinazotoka kwenye STI, ile Impreza kali zaidi, zenye disiki ya 326, anzia rimu za inchi 17. Tena angalieni: STI za kuanzia 2005 zina matundu ya 5x114.3 (boliti tano kwenye duara la milimita 114.3), gari zenu ni 5x100. Disiki zake hazikai.

Hatua ya 2. Inua gari, weka stendi, weka kabari. Jeki peke yake, usiingie chini.

Hatua ya 3, kwa anayebadilisha shafti, ule mhimili unaopeleka nguvu toka gia boksi hadi tairi. Mtu akanyage breki, wewe legeza nati kubwa ya habu (kitovu kinachoshika rimu) gari likiwa juu. Upande wa gia boksi kuna pini, itoe kwa panchi. Wakati wa kurudisha, tundu la shafti na la gia boksi hulingana upande mmoja tu. Yasipolingana zungusha shafti nusu mzunguko, usilazimishe kwa nyundo. Kabla ya kununua shafti chungulia gia boksi yako: zingine zimetokeza jino nje, zingine zina tundu, na shafti zake haziingiliani. Nati ya habu iwe mpya, kaza karibu Nm 186, kisha ugonge ukingo wake uingie kwenye mfereji. Gari lisikanyage chini kabla ya kukaza hiyo nati, beringi inaumia.

Hatua ya 4, kufunga kalipa. Hapa tulieni. Kalipa ya kulia na ya kushoto zinafanana, na ya kulia inaingia kushoto bila shida, boliti zinashika, disiki inazunguka, kila kitu kinaonekana sawa. Kasoro ni moja: nipeli ya kutolea upepo inakuwa chini. Upepo hukaa juu, kwa hiyo utamaliza chupa nzima ya mafuta ya breki na pedali itabaki laini kama sponji. Nimeona gari limebadilishwa masta silinda nzima kwa kosa hilo, na masta ilikuwa nzima kabisa. NIPELI JUU. Shika kalipa mkononi, itazame, ndipo ufunge. Washa za shaba kwenye hausi paipu ziwe mpya, na hausi isijisokote ukikata usukani mpaka mwisho. Jaribu kulia na kushoto.

Hatua ya 5, mafuta. DOT 3 au DOT 4. DOT 5 ni silikoni, usiichanganye humo.

Hatua ya 6, rimu. Tundu la katikati milimita 56.1, nati 12x1.25 (unene milimita 12, nyuzi kila milimita 1.25). Rimu nyingi za Toyota za 5x100 zina 54.1, hazikai kwenye habu. Nati za Toyota ni 12x1.5: inashika nyuzi mbili kwa mkono halafu inagoma, mtu anadhani ni kutu, anachomeka bomba kwenye spana, sitadi (boliti ya tairi) inakufa.

Pedi mpya zizoesheni: toka kilomita 60 kwa saa shuka mpaka 20, mara kadhaa, bila kusimama kabisa, kisha ziache zipoe.

MASWALI

Swali (Kasulu): Mkuu, kwangu zitaingia?
Jibu: Gari gani? Rimu gani? Kalipa gani? Rudi hatua ya 1.

Swali (Ujiji): Kaka, naomba kuelewa. Kinachosaidia mlimani ni pistoni nne au disiki kubwa?
Jibu: Swali zuri sana, dada. Joto hubebwa na disiki. Ikiwa kubwa na nzito inachelewa kupata moto, na pedi inabana mbali zaidi na katikati. Pistoni nne zinabana pande zote mbili. Kalipa ya kuteleza, pini zikikauka grisi, pedi ya ndani inaisha na ya nje bado nene. Chomoa zako ulinganishe, huenda unahitaji grisi tu na pesa yako ikabaki. Na mteremkoni shusha gia, breki yoyote ile inashindwa ukiikalia.

Swali (Uvinza): Mbele niweke tairi za 205/55R16, nyuma nibaki na 215/60R16?
Jibu: Hapana. Kipenyo kinapishana kama milimita 32. Hiyo ni gari ya kuvuta miguu yote, difu ya katikati, inayogawa nguvu mbele na nyuma, itafanya kazi bila kupumzika mpaka iungue. Nne zilingane.

Swali (Kibondo): Fundi wangu anasema nipeli popote ni sawa, umezidisha.
Jibu: Afunge hivyo, akanyage pedali mwenyewe, akuendeshe kushuka mlima.

Swali (Gungu): Naagiza kalipa za mtumba Kariakoo, zinakuja kwa basi. Nizikague vipi?
Jibu: Omba picha ya nipeli na ya mipira ya vumbi. Nipeli iliyolika kona itakatikia ndani. Mwambie muuzaji azibe tundu la hausi, mchanga usiingie njiani. Zikifika, sukuma kila pistoni kwa klampu: inayogoma ina kutu, ifungue uikague kabla ya kufunga. Mipira iliyopasuka badilisha yote kwa pamoja, seti moja moja kila upande.

Swali (Gungu): Na kalipa ya nyuma nayo nibadilishe?
Jibu: Ya kiwandani inatosha kwa barabara. Weka tu pedi nzuri na kagua kebo ya hendi breki, zetu huku zinajaa vumbi zinagoma kurudi.