Kufundisha Kiingereza kwa Kiingereza katika Sekondari za Japani

Tangu mwaka 2013 mtaala wa Japani unaagiza kwamba vipindi vya Kiingereza katika sekondari ya juu viendeshwe, kimsingi, kwa Kiingereza chenyewe, na mwaka 2021 agizo hilo lilifika sekondari ya chini. Kipindi kina dakika 50, na darasa linaweza kufikia wanafunzi 40 waliozoea kutafsiri sentensi moja baada ya nyingine.

Hatua ya kwanza ni kuandaa maneno yako mwenyewe. Andika sentensi utakazosema, uzifupishe, na utumie maagizo yaleyale kila siku, ili mwanafunzi asihangaike kuelewa anachoambiwa afanye.

Hatua ya pili, ambayo kwangu ndiyo uti wa mgongo wa kipindi, ni kusimulia habari ya kitabuni kwa mdomo huku vitabu vikiwa vimefungwa. Tuseme habari inahusu plastiki baharini. Bandika ubaoni picha ya kasa, kando yake yavuyavu (kiumbe laini wa baharini), kisha mfuko wa plastiki unaoelea unaofanana naye. Anza na swali la ndiyo au hapana: je, kasa hula yavuyavu? Fuatisha la kuchagua: hiki ni yavuyavu au mfuko? Mwisho uliza kwa nini kasa ameumeza mfuko. Anayeshindwa swali la tatu atakuwa ameshajibu mawili, na maneno mapya atakuwa ameyasikia mara kadhaa kabla ya kuyaona yameandikwa.

Hatua ya tatu, wape nafasi ya kujibizana wawiliwawili kabla ya kumtaja yeyote. Ukimya wa darasa la Kijapani usiuchukulie kuwa uvivu, kwani wengi wanaogopa kukosea mbele ya wenzao.

Ukiwa na mwalimu msaidizi kutoka nje, kama wale wanaoletwa na mpango wa serikali ya Japani uitwao JET, ulioanza mwaka 1987, zungumza naye mbele ya darasa badala ya kumfanya msomaji wa kitabu tu.

Kijapani hakijapigwa marufuku. Kanuni ngumu ya sarufi ielezee kwa Kijapani kwa dakika chache, hasa kwa wanaojiandaa kwa mitihani ya kuingia chuo kikuu, kisha urudi kwenye Kiingereza mara moja.

Dakika za mwisho, waache wasimulie habari nzima kwa kufuata picha zilizoko ubaoni. Andika walipokwama, kwa sababu kipindi kijacho kitaanzia hapo.